Self ya Python, this ya Java na this ya JavaScript: uanze na ipi ili uelewe namna kitu kinavyojitaja?

Aliyewahi kumdhamini jirani kwenye mkopo wa kikundi anaifahamu ile fomu inayoanza na maneno "Mimi ………… wa mtaa wa …………". Fomu hiyo huchapwa mara moja, ikatolewa nakala kwenye duka la stashenari, na neno "mimi" lililomo ndani yake halimtaji mtu yeyote hadi mdhamini afike, aandike jina lake juu ya nukta na kutia sahihi. Nakala ya Nkuhungu ina "mimi" wake na nakala ya Makulu ina wake, ingawa maneno yaliyochapwa ni yale yale. Mwanafunzi anayeanza kuandika programu kwa mtindo wa klasi na vitu hukutana na jambo hili hili katika wiki ya pili au ya tatu, akalikuta limevikwa maneno mawili ya kigeni, self na this, na wengi niliowafundisha jioni katika chumba chetu cha Ng'ong'ona, jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma, walikuwa wameyakariri maneno hayo kwa miezi kadhaa bila kuweza kusema ni nani hasa anayejiita "mimi".

Swali ninaloulizwa mara nyingi ni lugha ipi ya kuanzia. Lugha za programu hulinganishwa kwa vigezo vingi, kama vile kasi, ajira na wingi wa maktaba za msimbo uliokwisha kuandikwa, lakini hapa nitazilinganisha tatu kwa kigezo kimoja tu, yaani namna methodi (funksheni iliyoandikwa ndani ya klasi) inavyokitaja kitu inachokifanyia kazi, kwa sababu hapo ndipo nimewaona wengi wakikwama na baadhi wakikata tamaa. Maswali ya kuulizwa kwa kila lugha ni mawili: ni nani anayeijaza ile nafasi ya "mimi", na anaijaza wakati gani?

Historia fupi itasaidia kuondoa dhana moja potofu. Neno this lilitumika kwa kazi hii katika Simula 67, lugha iliyobuniwa mjini Oslo, Norway, na Ole-Johan Dahl pamoja na Kristen Nygaard. Smalltalk, iliyotengenezwa katika maabara ya Xerox PARC nchini Marekani katika miaka ya 1970, ikachagua self. Bjarne Stroustrup, alipoanza mwaka 1979 kazi iliyozaa C++, alifuata mfano wa Simula, na Java na JavaScript, zote za mwaka 1995, zikalichukua neno hilo. Python ya Guido van Rossum, iliyotolewa kwa umma mwaka 1991, ilikwenda na self. Kwa hiyo mwanafunzi akiona this katika Java na this katika JavaScript hudhani ni ndugu wa tumbo moja, ilhali kwa tabia this ya Java iko karibu zaidi na self ya Python kuliko ilivyo karibu na wajina wake wa JavaScript.

Mfano nitakaoutumia ni wa mizani ya zabibu. Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, na msimu ukifika kreti hupangwa foleni kwenye vituo vya kununulia, kila kituo na mizani yake na jumla yake ya kilo. Tunahitaji klasi moja inayoeleza mizani ni nini, kisha vitu viwili vilivyotokana nayo: mizani ya Hombolo na mizani ya Mpunguzi. Kilo zilizopimwa Hombolo zisiingie kamwe kwenye jumla ya Mpunguzi.

Python: nukta za kujazia zinaonekana

```
class Mizani:
    def __init__(self, kituo):
        self.kituo = kituo
        self.jumla = 0

    def pima(self, kilo):
        self.jumla = self.jumla + kilo

hombolo = Mizani("Hombolo")
mpunguzi = Mizani("Mpunguzi")
hombolo.pima(40)
```

Methodi `__init__` huendeshwa yenyewe kitu kinapoundwa. Methodi `pima` imeandikwa na parameta (nafasi za kupokelea thamani) mbili, self na kilo, lakini mwitaji ametoa hoja (thamani ya kujaza nafasi) moja tu, 40. Ile nyingine imetoka wapi? Imetoka kushoto kwa nukta. Python inapokutana na `hombolo.pima(40)` inakichukua kitu kilichoko kabla ya nukta na kukiweka katika nafasi ya kwanza ya methodi, na jambo hili halikufichwa, kwani unaweza kuliandika kwa mkono wako mwenyewe hivi:

```
Mizani.pima(hombolo, 40)
```

Mistari hiyo miwili hufanya kazi ile ile. Binafsi sijaona maelezo mengine yanayomfungua mwanafunzi haraka kuliko mstari huu wa pili, kwa sababu ndani yake hakuna muujiza wowote: funksheni imepewa vitu viwili, mizani na kilo, ikaongeza kilo kwenye mizani iliyopewa. Neno self lenyewe halikuhifadhiwa na lugha. Ukiandika `mimi` mahali pake, programu itaendeshwa vizuri kabisa, na siku ya kwanza huwa nawaruhusu wanafunzi waandike hivyo hivyo, `mimi.jumla = mimi.jumla + kilo`, kabla ya kuwarudisha kwenye self, ambayo ni desturi ya waandishi wote wa Python na hakuna sababu ya kuivunja katika kazi ya watu wengi.

Makosa ya Python katika eneo hili yana faida ya kufundisha. Ukisahau self na kuandika `def pima(kilo)`, kisha ukaita `hombolo.pima(40)`, Python italalamika kwamba methodi hupokea hoja 1 lakini imepewa 2. Anayeanza hukasirika, maana kwa macho yake ametoa moja tu. Lakini akiisoma sentensi hiyo kwa utulivu ataona kwamba lugha inamweleza waziwazi kuhusu ile hoja isiyoandikwa. Ukisahau self ndani ya mwili wa methodi na kuandika `jumla = jumla + kilo`, programu itasimama hapo hapo, kwa sababu Python itaihesabu jumla kuwa kibadilika (jina linalobeba thamani) cha ndani ya methodi ambacho bado hakijapewa thamani.

Hata hivyo Python ina ulegevu wake, na si haki kuufunika. Ukikosea herufi moja na kuandika `self.jumal = self.jumla + kilo`, haitakuzuia. Itakitengenezea kitu chako sifa mpya (thamani inayohifadhiwa ndani ya kitu) iitwayo jumal, jumla itabaki ilivyokuwa, na wewe utatafuta kilo 40 zilizopotea hadi jioni. Pia kuna wanaolalamika kwamba kuandika self kila mahali ni kazi ya kuchosha. Malalamiko hayo ni ya kweli kwa mtu mzoefu, lakini kwa anayejifunza, kule kurudiarudia ndiko kunakomkumbusha kila mara mali ni ya nani.

Java: "mimi" yupo hata asipotajwa

Kiswahili chenyewe kinaweza kutufafanulia tofauti ya Python na Java. Mtu akisema "nimepima" hatumwulizi ni nani, kwa sababu kiambishi ni- kimekwisha kumtaja. "Mimi nimepima" huja pale tu panapokuwa na mgongano, mathalani karani mwingine akidai kwamba ni yeye aliyepima. Self ya Python ni kama ni- hiyo: ukiiondoa, sentensi haisimami. This ya Java ni kama lile "mimi" la mbele: mara nyingi unaweza kuliacha, na maana isipotee, mpaka siku panapotokea majina mawili yanayofanana.

```
class Mizani {
    private String kituo;
    private int jumla;

    Mizani(String kituo) {
        kituo = kituo;
    }

    void pima(int kilo) {
        jumla = jumla + kilo;
    }
}
```

Methodi `pima` hapo juu ni sahihi bila this, kwa kuwa ndani yake hakuna jumla nyingine, na kompaila, yaani programu inayoutafsiri msimbo kabla haujaendeshwa, inaelewa kwamba inayotajwa ni ya kitu chenyewe. Kiundaji (ile sehemu yenye jina la klasi, inayoendeshwa kitu kinapoundwa), kwa upande mwingine, kina kosa ambalo nimelisahihisha mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Katika mstari `kituo = kituo`, majina yote mawili yanaitaja parameta, kwa sababu jina la karibu hulifunika la mbali; parameta inapewa thamani yake yenyewe, sifa ya kitu haiguswi, na kompaila haikatai. Matokeo yake utayaona baadaye sana, risiti inapochapwa na mahali pa jina la kituo pameandikwa null, yaani hakuna thamani. Mstari sahihi ni `this.kituo = kituo`, ambapo upande wa kushoto ni mali ya kitu na upande wa kulia ni kile kilicholetwa na mwitaji. Ipo njia ya kuilazimisha kompaila ikusaidie: itangaze sifa kuwa `private final String kituo`, nayo itagoma kuutafsiri msimbo hadi sifa hiyo ipewe thamani kweli.

Tukirudi kwenye maswali yetu mawili, Java huijaza nafasi ya "mimi" kwa kitu kilichoko kushoto kwa nukta, sawa na Python, isipokuwa hapa hakuna parameta ya kuonekana na hakuna anayeweza kuibadilisha, kwani ukijaribu kuandika `this = mizaniNyingine` kompaila itakataa. Vilevile ukiitumia this ndani ya methodi ya static, ambayo ni ya klasi nzima na haina kitu chochote kushoto kwake, hutafika hata hatua ya kuendesha programu. Ukali huu ni sifa njema. Makosa ambayo Python huyaacha hadi programu iwe kazini, Java huyakamata mezani.

Pana mahali pamoja tu ambapo this ya Java huwachanganya hata watu wa miaka miwili kazini, napo ni pale klasi inapoandikwa ndani ya klasi nyingine. Ukitengeneza klasi isiyo na jina ndani ya methodi ya Mizani, kwa mfano ili kusikiliza kitufe, basi this iliyomo ndani yake itakuwa ya hicho kitu kipya kisicho na jina, na ili kuifikia mizani iliyokizunguka utaandika `Mizani.this.jumla`. Lakini ukiandika lambda, yaani funksheni fupi zisizo na jina zilizoletwa na Java 8 mwaka 2014, hiyo haina this yake; inatumia ya methodi iliyoizunguka. Kwa hiyo kuhamisha msimbo kutoka mtindo wa zamani kwenda wa lambda kunaweza kubadilisha maana ya neno moja bila wewe kuligusa. Kotlin, ambayo Google iliitangaza mwaka 2017 kuwa lugha rasmi ya Android, ina alama yake kwa hali hizi, `this@Mizani`, ambayo naiona inasomeka vizuri zaidi.

JavaScript: "mimi" ni yule aliyeileta fomu

Hapa itabidi nikae kidogo, maana hapa ndipo penye mgogoro.

Miaka michache iliyopita niliandika ukurasa mdogo wa kupokelea zabibu kwa ajili ya kikundi kimoja cha wanunuzi. Karani angeandika kilo kwenye kisanduku, abonyeze kitufe cha "Pokea", na jumla iongezeke. Nilikuwa nimetoka kwenye Java, nikaandika kwa kujiamini:

```
class Mizani {
  constructor(kituo) {
    this.kituo = kituo;
    this.jumla = 0;
  }
  pokea() {
    this.jumla = this.jumla + Number(kisanduku.value);
  }
}

const hombolo = new Mizani("Hombolo");
kitufe.addEventListener("click", hombolo.pokea);
```

Niliujaribu nyumbani kwa kuandika `hombolo.pokea()` moja kwa moja, ukafanya kazi. Kituoni, karani alibonyeza asubuhi nzima, na kila alipoomba jumla ya siku alipata 0. Hakukuwa na ujumbe wowote wa kosa. Bahati ni kwamba yule karani, mama mtu mzima asiyeamini kompyuta, alikuwa ameandika kila kreti kwenye daftari la mistari, na daftari lake ndilo lililolipia wakulima siku ile.

Kilichotokea ni hiki. Katika mstari wa mwisho sikuiita methodi. Niliitoa ndani ya kitu na kuikabidhi kwa kitufe, kama mtu anayeiacha fomu ya udhamini kaunta. Kitufe kilipobonyezwa, kivinjari kiliiita methodi ile, na kwa kanuni za JavaScript this ikawa ni chenye kushughulikia tukio, yaani kitufe. Kitufe hakikuwa na sifa iitwayo jumla, hivyo kisichokuwepo kikajumlishwa na 40, jawabu likawa NaN, yaani thamani isiyo namba, na NaN hiyo ikahifadhiwa ndani ya kitufe. Mizani ya Hombolo haikuguswa hata mara moja. Kitufe kilikuwa kimejipatia jumla yake mwenyewe, na kwa mtazamo wa lugha hakuna kanuni iliyovunjwa.

Katika Python na Java, fomu ikishajazwa jina hubaki na jina hilo popote iendako. Katika JavaScript, methodi ya kawaida huwa haina jina lililoandikwa; neno this husomwa upya kila inapoitwa, na jawabu hutegemea ameileta nani. Ukiita kwa nukta, `hombolo.pokea()`, this ni kilichoko kushoto kwa nukta. Ukiita kwa `new`, this ni kitu kipya kinachoundwa. Ukiita funksheni peke yake, bila chochote kushoto, katika modi kali (strict mode) iliyoletwa na toleo la 5 la ECMAScript, kiwango rasmi cha JavaScript, mwaka 2009, this haina thamani yoyote, na msimbo ulioandikwa ndani ya klasi daima huwa katika modi hiyo. Katika msimbo wa zamani usio wa modi kali, this huwa ni dirisha zima la kivinjari. Neno lenyewe linafanana na "hapa" ya Kiswahili: anayeitamka akiwa Majengo anamaanisha Majengo, na akiitamka Kibaigwa anamaanisha Kibaigwa, na hakuna kamusi itakayokupa mahali penyewe bila kumjua aliyesema.

Jaribio moja dogo hutenganisha lugha hizi tatu. Itoe methodi ndani ya kitu, iweke kwenye kibadilika, kisha iite. Katika Python, `f = hombolo.pima` ikifuatwa na `f(40)` huongeza kilo za Hombolo, kwa sababu f imeondoka na mizani yake. Katika Java, `hombolo::pima` nayo humshika Hombolo. Katika JavaScript, `const f = hombolo.pokea` ikifuatwa na `f()` huanguka, kwa kuwa this haipo. Kuanguka huko ni afadhali mara kumi kuliko ukimya wa kitufe changu.

Dawa zipo, na ile ninayoipendekeza ni funksheni ya mshale, iliyoingia katika toleo la mwaka 2015. Mshale hauna this ya kwake. Huichukua ile ya mahali ulipoandikwa, kama lambda ya Java. Kwa kitufe changu ilitosha kubadilisha mstari mmoja:

```
kitufe.addEventListener("click", () => hombolo.pokea());
```

Sasa kinachokabidhiwa kwa kitufe ni mjumbe anayejua pa kwenda, na methodi yenyewe inaitwa kwa nukta kama kawaida. Njia ya `hombolo.pokea.bind(hombolo)` hufikia matokeo yale yale kwa kuigandisha this, na wapo wanaoipenda. Katika msimbo wa zamani utakuta pia mstari `var self = this;`, ujanja wa waliotaka kuihifadhi this kabla haijabadilika. Uuchukue kwa tahadhari, kwani katika kivinjari neno self tayari ni jina la dirisha lenyewe, kwa hiyo anayeusahau mstari huo hapati kosa bali anapata dirisha.

Ni haki kuongeza kwamba JavaScript inakuruhusu kuikwepa this kabisa. Funksheni inaweza kuwa na kibadilika `jumla` ndani yake na kurudisha funksheni nyingine zinazokitumia, na mizani ikapatikana bila klasi wala this. Kwa kurasa ndogo, hivyo ndivyo ninavyoandika siku hizi.

Pale zinapokubaliana

Katika suala la kurithi, yaani klasi mtoto kuchukua methodi za klasi mzazi, lugha zote tatu zina msimamo mmoja, nao unastahili kujulikana mapema. Tuseme Mizani ina methodi ya kuchapa risiti ambayo ndani yake huiita methodi ya bei ya kitu chenyewe, kisha ikatokea klasi mtoto, MizaniYaMvinyo, yenye bei yake. Risiti ikiitwa kwenye mizani ya mvinyo, bei itakayotumika ni ya mtoto, hata kama maneno ya risiti yaliandikwa katika klasi mzazi, kwa sababu "mimi" ni aliyetia sahihi na wala si aliyechapa fomu. C++ hutofautiana hapa, kwani huhitaji methodi itangazwe kwanza kuwa virtual. Na katika C++ this ni kielekezi, yaani anwani ya kitu kwenye kumbukumbu, ndiyo maana huandikwa kwa mshale, `this->jumla`. Stroustrup ameeleza kwamba iliingia kabla ya lugha hiyo kuwa na rejeo, yaani jina la pili la kitu kile kile.

PHP, ambayo bado inaendesha tovuti nyingi nchini, huandika `$this->jumla`, na this hiyo inaaminika kama ya Java. Mtego wake uko kwa anayetoka Python: katika PHP neno self lipo pia, lakini linaitaja klasi ambamo msimbo umeandikwa, halikitaji kitu. Ukiandika `self::` ukitarajia mizani yako, hutaipata.

Ipi imfae nani

Kwa anayeanza bila kushurutishwa na mtaala wala mwajiri, ushauri wangu ni Python kwanza, tena kwa muda mfupi tu, wiki mbili au tatu zinatosha, hadi aweze kuandika `hombolo.pima(40)` na `Mizani.pima(hombolo, 40)` na kueleza kwa mdomo kwa nini ni kitu kimoja. Baada ya hapo Java haitamtisha, kwa kuwa atajua kwamba ile parameta ya kwanza haikufutwa, imefichwa tu.

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ambaye kozi yake inaanza na Java asihangaike kuhama. Ninachomshauri ni kuandika `this.` mbele ya kila sifa kwa muhula mzima, hata pale isipohitajika. Wapo wenzangu wanaouona mtindo huo kuwa wa kitoto, na ni kweli kwamba waandishi wengi wazoefu huuacha; lakini mwanafunzi anayeandika hivyo hatanasa kwenye `kituo = kituo`, na akisoma msimbo wake baada ya mwezi atatofautisha mali ya kitu na kibadilika cha kupita kwa kutupa jicho tu. Kijana anayelenga kazi kwenye mifumo ya ofisi, ambazo zimeongezeka mjini tangu serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, nami ningemweka kwenye njia hii ya Java, kwa ajili ya ule ukali wa kompaila.

Anayetaka kuwatengenezea kurasa wafanyabiashara wa Sabasaba na Majengo hawezi kuikwepa JavaScript, kwa sababu ndiyo lugha ya kivinjari. Aanze nayo, ila aahirishe klasi. Aandike funksheni na vitu vya kawaida kwanza, atumie mshale kila anapomkabidhi mtu mwingine funksheni, na akutane na this akiwa tayari ameshajua kuuliza ni nani aliyeita. Nisichoweza kukishauri ni kuitumia this ya JavaScript kama mlango wa kulielewa wazo lenyewe. Ni sawa na kumfundisha mtoto maana ya "mimi" kwa kumweka katikati ya watu kumi wanaojiita hivyo kwa zamu.

Amebaki mwalimu mwenye kompyuta moja na wanafunzi thelathini. Kwake Python ndiyo inayofaa, na hata kompyuta hiyo inaweza kusubiri. Toa nakala za fomu yenye "Mimi ………… nimepokea kilo …………", mpe mmoja jina Hombolo na mwingine Mpunguzi, kisha uite kwa sauti "Hombolo, pima arobaini", na kila mmoja atazame ni karatasi ya nani inayoandikwa. Mara ya tatu, sema tu "pima arobaini" bila kutaja jina, unyamaze. Darasani kwangu wanafunzi wote wawili walishika kalamu, wakatazamana, na msichana aliyekuwa dirishani akauliza, "Mwalimu, nani?" Andika swali hilo ubaoni, washa kompyuta, na siku hiyo usifundishe kurithi.